Ruhusa ya Miezi Sita

Bungeni walimwita Breki, na jina hilo alikuja nalo. Kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa udereva, na nusu ya watu wa mji wake walijifunza kuendesha gari yeye akiwa amekaa kando yao, mguu juu ya pedali ya pili, akirudia neno hilo hilo moja mpaka likamganda. Alipogombea ubunge, wanafunzi wake wa zamani walimfanyia kampeni bila kuombwa, kila mmoja akiapa kwamba bila yule mzee angekuwa ameshazikwa. Akashinda. Walioshindwa walisema ule ni ubunge wa honi. Yeye alicheka pamoja nao.

Alikaa kwenye viti vya nyuma vya chama tawala, na kwa miaka yake yote bungeni hakuwahi kumsumbua mtu. Aliuliza habari za barabara, akajibiwa nusu, akauliza tena. Basi siku serikali ilipoleta hoja ya kupeleka jeshi nchi jirani, hakuna aliyemfikiria Breki.

Vita vya huko vilikuwa vimeingia mwaka wa pili. Watu walivuka mpaka wakiwa na magodoro kichwani. Serikali ya jirani ilikuwa imeomba msaada, na mataifa mengine yalikuwa yameshatoa askari. Zamani jambo kama hilo lilimalizwa na wakubwa wachache ndani ya chumba kimoja. Jeshi likaondoka, na wananchi wakasikia kwenye redio. Lakini katiba ilikuwa imebadilishwa. Sasa askari hawakuweza kuvuka mpaka kabla Bunge halijaridhia, na hii ilikuwa mara ya kwanza kwa kifungu hicho kutumika. Hata Spika alionekana akipekua kitabu cha kanuni kama mtu anayetafuta njia katika mji mgeni.

Breki alikuwa na sababu yake ya kukosa usingizi. Mtoto wake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda ingawa alikuwa na miaka ishirini na minane, alikuwa luteni katika kikosi cha wahandisi. Kazi yake ilikuwa kutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kikosi chake kilikuwa cha kwanza kutajwa.

Siku chache kabla ya mjadala, mnadhimu wa chama, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha wabunge wao wanapiga kura upande mmoja, alimfuata kwenye mkahawa wa Bunge. Alivuta kiti akakaa karibu naye, karibu kuliko ilivyohitajika.

"Mzee wangu, nasikia umeomba kuchangia."

"Nina swali moja tu."

"Swali lako moja huwa linazaa." Mnadhimu alitabasamu, akakoroga chai yake taratibu. Kisha akashusha sauti. "Binti yuko kwa wahandisi, sivyo?"

"Yuko."

"Orodha ya wanaokwenda bado haijafungwa. Chuo cha jeshi nacho kinahitaji walimu wa fani yake. Ni kazi ya heshima, wala hakuna atakayeshangaa. Mtu akipiga simu moja tu, basi." Alisukuma kikombe kando. "Na mimi nina mtoto, mzee. Najua unavyojisikia."

Mnadhimu alimgusa bega, akaondoka. Chai ya Breki ilipoa pale pale. Ukweli ni kwamba moyo wake uliruka kwa furaha, naye akaona aibu kwa furaha hiyo.

Jumapili Kitinda alikuja nyumbani. Hakuja kama luteni. Alikuja na suruali iliyochakaa magotini na boksi la spana, kwa sababu mama yake alikuwa amelalamika kwenye simu kwamba sinki la jikoni linavuja. Mama huyo alikuwa mfamasia. Duka lake la dawa lilikuwa mbele ya nyumba, na hata Jumapili wagonjwa walimgongea dirishani.

Kitinda alilala chali chini ya sinki. Baba yake alichuchumaa pembeni na tochi.

"Mulika hapa, baba. Hapo unamulika kidevu changu."

Alisogeza tochi. Alitazama mikono ya binti yake ikizungusha nati polepole, bila papara, ikisimama, ikipapasa, ikizungusha tena. Hakujua kama alijifunza utulivu ule jeshini au alizaliwa nao.

"Kitinda," alisema, "ukiambiwa ubaki ukafundishe chuoni, utasemaje?"

Spana ikasimama. Matone yaliangukia ndoo. Kisha Kitinda akajivuta nje, akakaa sakafuni, akafuta mikono kwenye suruali.

"Nani amekwambia?"

"Ninauliza tu."

"Baba, wewe hujawahi kuuliza tu."

Akamweleza. Hakuficha kitu. Alipomaliza ndipo alipogundua kwamba mkewe alikuwa amesimama mlangoni, koti jeupe la dukani mwilini, boksi la vidonge mkononi.

"Mimi ningepokea," mama alisema. "Nisiwe mnafiki. Ningepokea leo hii, kabla hawajabadili mawazo."

"Najua, mama."

"Basi mwambie baba yako apokee."

Kitinda alimtazama mama yake kwa upendo, lakini alitikisa kichwa. "Nikibaki, nafasi yangu haibaki wazi. Atawekwa mwenzangu, na yeye ana mama yake, ila mama yake hana mume bungeni. Nitamtazama vipi akirudi? Na asiporudi?"

Mtu aligonga dirisha la duka. Mama hakwenda.

"Isitoshe, kazi yenyewe naitaka," Kitinda aliendelea. "Huko watoto wanakanyaga vitu ambavyo mimi najua kuvitoa. Ninachoogopa ni kingine." Alisita, kama anapima kama ni haki kusema. "Masajini wetu wa zamani waliwahi kupelekwa mahali. Waliambiwa wiki chache. Walikaa miaka minne. Kila aliyeuliza aliambiwa subiri. Mmoja aliniambia kwamba risasi aliizoea, ila alilia siku aliyosikia redio ya nyumbani inatangaza mpira, na matangazo ya biashara, na hakuna mtu anayewataja. Sisi hatuogopi kwenda, baba. Tunaogopa kusahaulika."

Alirudi chini ya sinki. "Mulika," alisema.

Asubuhi iliyofuata, akimfungia mumewe tai, mama alisema, "Mwanao amekataa. Sasa wewe kafanye kazi yako. Lakini usiniletee habari kwamba ulikaa kimya."

Breki aliandika pendekezo la marekebisho kwa mkono wake. Lilikuwa na mambo mawili. Kwanza, ruhusa ya Bunge ingedumu miezi sita, kisha ife yenyewe, isipokuwa Bunge lenyewe liamue kuiongeza. Pili, kila askari atakayeumia au kufa, waziri asimame ndani ya Bunge amtaje jina. Kanuni zilimtaka apate mbunge wa kumuunga mkono. Kwenye chama chake aliwaendea wengi. Mmoja alikumbuka kikao, mwingine alishikwa na kikohozi. Hatimaye alivuka kwenda upande wa pili, kwa mama mmoja wa upinzani aliyekuwa mkunga zamani, na ambaye bado aliitwa Mkunga.

"Mimi napinga hoja nzima," Mkunga alimwambia. "Sitaki askari hata mmoja avuke. Sasa niunge mkono kipande chako cha nini?"

"Kwa sababu hoja itapita, na wewe unajua itapita."

Mkunga alimtazama juu ya miwani yake. Kisha akacheka, akachukua kalamu. "Wewe mzee hufai kuwa upande ule," alisema, akatia sahihi.

Siku ya mjadala ukumbi ulijaa. Juu, kwenye viti vya wageni, walikaa jamaa za askari, na miongoni mwao mke wa Breki, aliyefunga duka mchana kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mama yake. Waziri wa Ulinzi alizungumza vizuri. Alieleza mauaji, njaa, mpaka uliojaa wakimbizi, na hakuna aliyebisha. Mkunga alizungumza vizuri pia. Aliuliza ni vita gani vilivyowahi kuzimwa kwa kuongeza bunduki, na wengi waliinamisha vichwa. Kisha Spika akamwita Breki.

Alisimama. Alikunywa maji kidogo.

"Mheshimiwa Spika, kabla sijaendelea, natakiwa kutangaza maslahi. Binti yangu ni askari, na yuko kwenye kikosi kinachokwenda." Watu wakageuza vichwa. "Niliambiwa kwamba anaweza kubaki. Sitamtaja aliyeniambia, maana naamini alinihurumia, na mimi nilitamani kukubali. Aliyekataa ni binti mwenyewe. Sasa nimekuja kuuliza. Je, yule askari ambaye baba yake hayumo humu ndani, nani anampigia simu? Nani atakumbuka kuuliza anarudi lini?"

Mnadhimu alikuwa anatazama meza yake.

Breki alieleza marekebisho yake, bila mbwembwe, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi kurudi nyuma kwa gari. Waziri alisimama kumjibu. Alisema kuweka tarehe ni kumfunga kamanda mikono, na kwamba adui atakaa tu akitazama kalenda.

"Mheshimiwa Waziri," Breki alisema, "sijakwambia warudi baada ya miezi sita. Nimesema uje utuulize tena. Kama kazi itakuwa inakwenda vizuri, utaogopa nini kutuuliza?"

Mtu mmoja kwenye viti vya chama tawala alipiga meza. Akatazamwa, akaacha.

Spika aliwahoji wabunge juu ya marekebisho. Waliosema ndiyo na waliosema siyo walilingana sauti, na ukumbi ukaanza kunguruma, kila upande ukidai umeshinda. Spika akaamuru kila mbunge aitwe kwa jina lake. Katibu alianza kusoma. Ndiyo. Siyo. Siyo. Ndiyo. Mbunge aliyeshikwa na kikohozi juzi alisema ndiyo, kwa sauti ndogo. Kanali mstaafu wa chama tawala, ambaye kila mtu alidhani atasema siyo, alisimama wima kama yuko gwarideni, akasema, "Mimi nilikuwa mmoja wa wale wa miaka minne. Ndiyo." Baada yake wengine wengi walipata sauti.

Mnadhimu alisema siyo, akakaa, akashika tama.

Marekebisho yalipita kwa tofauti ya kura tano. Kule juu mtu alianza kupiga makofi, na askari wa Bunge akamwonya, kwa upole. Kisha ikaja hoja yenyewe, ikiwa na marekebisho ndani yake. Mkunga alisema siyo, kama alivyoahidi. Lilipofika jina la Breki, alisimama akainua macho juu, akamwona mkewe. Mkewe hakutikisa kichwa wala kukunja uso. Alimtazama tu.

"Ndiyo," Breki alisema, akakaa.

Hoja ilipita, na askari waliondoka baada ya wiki mbili. Kitinda aliwakataza wazazi wake kuja uwanja wa ndege kumuaga, akisema atawaaga nyumbani kama mtu anayekwenda kazini. Mama alimpa mfuko wa dawa uliotosha hospitali ndogo, akamweleza kila kidonge mara mbili. Baba alimkumbatia.

Miezi ile ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Kitinda alipiga simu mtandao ulipopatikana, akaeleza joto, mbu, na mpishi wao aliyeamini kwamba chumvi ni mboga. Mabomu hakuyataja. Mama alianza kuwauliza wateja wake habari za watoto wao, jambo ambalo zamani hakulifanya.

Mwezi wa nne waziri alisimama bungeni. Alisoma jina la sajini mmoja wa wahandisi, aliyepoteza mguu wa kushoto akitegua bomu karibu na kisima. Alitaja umri wake, mji wake, na kwamba ameletwa nyumbani kwa matibabu. Alipomaliza hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu jambo hilo halijawahi kufanyika. Mkunga ndiye aliyesimama wa kwanza. Kisha wakasimama wote, pande zote mbili, kimya. Jioni ile redio ilimtaja sajini kabla ya mpira. Wiki hiyo hiyo wabunge wanane walikwenda hospitali kumwona, mnadhimu akiwa mmojawapo; na mnadhimu alirudi tena wiki iliyofuata, bila wapiga picha.

Miezi sita ilipokaribia kuisha, waziri alirudi, kama ruhusa ilivyomtaka, akaomba minne zaidi. Kabla ya kura, Bunge lilituma kamati ndogo ikajionee. Breki na Mkunga walikuwemo.

Waliona mji ulioanza kupumua. Mapigano yalikuwa yamesogea mbali, kisha yakasimama. Pande mbili zilikuwa zinazungumza. Askari wa miguu walikaa kambini wakicheza karata. Lakini nje ya mji, kilomita baada ya kilomita, mashamba yalizungushiwa kamba nyekundu, na nyuma ya kamba walikaa wenye mashamba, majembe yakiwa magotini, wakitazama udongo wao.

Katikati ya shamba moja mtu alikuwa amelala kifudifudi, kofia nzito kichwani, kioo usoni. Alipapasa udongo kwa kijiti, akasita, akapapasa tena. Hakuna papara. Breki aliijua ile mikono kabla hajaambiwa. Jua lilimchoma utosini, na alitaka kuita, lakini mtu wa kazi ile haitwi. Akasubiri kwenye kamba pamoja na wakulima. Bibi mmoja aliyekaa kando yake alimwonyesha kwa kidole upande wa pili wa barabara, ambako kamba ilikuwa imeondolewa na mtu alikuwa analima.

"Lile la dada yangu," bibi alisema. "Hili langu. Yule msichana amesema wiki hii."

"Yule msichana ni mwanangu," Breki alimwambia.

Bibi alimgeukia, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akasogea kidogo, akampa nafasi ya kivuli.

Jioni alipata robo saa na bintiye. Kitinda alikuwa amekonda na ngozi imemwiva kwa jua. "Usiniulize upige kura gani," alimwahi kabla hajafungua mdomo. "Hilo si langu. Nitarudi mkisema nirudi."

"Umechoka?"

"Nimechoka sana." Alitabasamu. "Mwambie mama zile dawa za tumbo zimeokoa kikosi kizima."

Nyumbani, mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tarehe umeiweka wewe. Mlete mwanangu." Breki alimweleza habari za bibi mwenye jembe magotini. Mkewe alifuta kaunta ya duka iliyokuwa safi. "Shamba lake limebaki eneo kiasi gani la kusafisha?" aliuliza baadaye, na Breki akajua kwamba ameelewa na kwamba inamuuma.

Bungeni, safari hii Breki na Mkunga walileta pendekezo pamoja: askari wote wa miguu warudi, wabaki wahandisi na walinzi wao wachache tu, kwa miezi minne, na madaktari waongezwe. Mkunga, aliyesema siyo mara ya kwanza, alisimama akasema bado anachukia vita, ila kutegua bomu si vita. Waziri alinong'onezana na mnadhimu kwa muda. Watu walingoja mnadhimu asimame apinge. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Tunakubali." Walioafiki walisema ndiyo kwa sauti moja iliyotikisa vioo.

Askari wa miguu walirudi mwezi uliofuata, malori yakipita mjini watu wakiwapungia. Wahandisi walirudi mvua zilipoanza, mashamba yakiwa yameshapandwa. Safari hii Kitinda hakukataza mtu kuja uwanjani.

Alishuka ngazi za ndege akiwa na mfuko begani. Mama alimfikia kwanza. Alimshika mabega, akamgeuza huku na huku, akampandisha mikono ya shati, kisha akaanza kupapasa vidole vyake kimoja kimoja, kama anavyokaguliwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi, mbele ya bendi, mbele ya majenerali.

"Viko vyote, mama."

"Nyamaza. Nahesabu."

Alipofika kidole cha mwisho alirudia upya. Breki alisimama nyuma yao, kofia mkononi, akingoja zamu yake.